Mashine Inapumulia Wapi?

Wateja walimwita Kiguu, kifupi cha Kiguu-na-njia, naye aliitika bila kinyongo kwa sababu jina lilimkaa. Hakujua kutulia. Chakula alikula amesimama, sahani mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukinyoosha foronya. Mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, alikuwa na kauli yake: "Huyu alizaliwa njiani, mamake akipelekwa hospitali, na mpaka leo hajafika."

Kazi yake ilikuwa udobi. Miaka kumi na mitano alifua mashuka ya hospitali, kwenye ukumbi wenye mashine kubwa kama magari, kisha akaacha na kufungua pake mwenyewe. Palikuwa chumba kimoja kirefu na chembamba, chini ya nyumba ya ghorofa. Mbele mlango na dirisha vilitazama barabara. Nyuma kulikuwa na ukuta mtupu, na nje ya ukuta huo uchochoro. Mashine ya kufulia ilikaa nyuma, karibu na mabomba ya maji. Meza ya pasi ilikaa kona ya mbele, chini ya dirisha, na hapo ndipo palipokuwa makao yake hasa. Akipiga pasi, macho yalikuwa barabarani: nani kapita, gari gani limezimika, mvua inatokea upande gani. Mikono kazini, roho matembezini.

Mama mdogo, ambaye sasa alikuwa na miaka sabini na kitu, alikuja kila asubuhi kukunja nguo. Hakuna aliyemtuma. Alijiwekea kiti kule nyuma, asikopigwa na upepo, akawa anakunja taulo na kusimulia habari za watu waliokwisha kufa kama vile walipita kusalimia jana.

Mwaka huo mvua ilikataa kukatika. Wiki ya kwanza Kiguu alitundika mashuka kwenye kamba za ndani. Wiki ya pili akaongeza kamba, mtu akiingia anapenya shuka baada ya shuka kama anayeogelea. Wiki ya nne mwenye nyumba ya wageni, mteja wake mkubwa, alikuja mwenyewe na shuka mkononi.

"Nusa," akasema.

Kiguu akanusa. Hakuwa na haja; alijua.

"Wageni wangu wanauliza kama nafuga mbwa."

Tangu siku hiyo Kiguu hakupata raha. Alikuwa akigusa mashuka kila baada ya dakika tano, kana kwamba kuyagusa kutayakausha. Mume wake, dereva wa malori ya safari ndefu, alipopiga simu kutoka huko aliko alicheka: nyumba ina kiguu na njia wawili, na mwenye magurudumu ndiye aliyetulia. Lakini alimpigia mdogo wake, na baada ya siku chache huyo mdogo wake akatokea na pikapu, na nyuma ya pikapu kulikuwa na mashine ya kukaushia nguo.

Huyu shemeji alikuwa fundi wa majokofu, kijana wa watu, mcheshi, mwenye jibu la kila swali kabla swali halijaisha. Mashine aliipata kwenye hoteli iliyokuwa ikibadilisha vyombo. Ilikuwa ya kutumia gesi, na mgongoni ilikuwa na tundu la mviringo, pana kama sahani ya chai.

"Hapa ndipo inapopumulia," shemeji akaeleza. "Hewa ya moto na mvuke wa nguo vyote vinatokea hapa."

"Vinakwenda wapi?"

"Tunatoboa ukuta wa nyuma, vinaangukia uchochoroni. Hatua moja tu."

Nyundo haijagusa ukuta, sauti ikatoka juu. Dirishani, sawasawa na pale walipotaka kutoboa, alikuwa amechungulia mpangaji wa ghorofani, mwalimu mstaafu wa hesabu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu tu.

"Samahani, jirani. Mnatoboa nini?"

Kiguu akamweleza.

"Basi hiyo hewa itapanda moja kwa moja chumbani kwangu. Nina pumu mimi. Siwezi kuvuta jasho la mashuka ya watu mchana kutwa."

Maneno yake yalikuwa ya kweli, na hakuyasema kwa ubaya. Kiguu akabaki ameshika kiuno. Shemeji akatazama huku, akatazama kule, akatazama juu, kisha akatabasamu.

"Tabu ya nini? Dari hiyo ina nafasi tele." Akaenda, akarudi na bomba la plastiki la kukunjika, lile lenye waya wa kuzunguka ndani kama springi ya kitanda. Akalifunga mgongoni mwa mashine, akalipandisha, akalipinda, akalipitisha juu ya dari, akaliacha mdomo wazi humo gizani. "Hewa itapotea yenyewe huko."

"Itapotea wapi, Shemeji?"

"Shemeji nawe! Hewa ni hewa. Umewahi kuona imejaa mahali ikakosa pa kukaa?"

Kiguu alicheka. Lakini alipocheka alikuwa anatazama dari.

Siku za kwanza zilikuwa za furaha. Taulo zilitoka baada ya dakika arobaini, za moto, nene, zimefura. Mwenye nyumba ya wageni alinusa, akanyamaza. Kwake hiyo ndiyo sifa. Mama mdogo alisogeza kiti karibu na mashine kwa ajili ya joto, akasema magoti yake yamepata mume.

Wiki ya pili Kiguu akaanza kuhesabu dakika. Taulo zilizokuwa zikitoka baada ya dakika arobaini sasa zilitaka saa nzima. Kisha saa na robo. Alizitoa, akazirudisha, akazitoa tena. Aliweka kiganja juu ya mashine, akakiondoa upesi. Kila mzunguko alisafisha chujio, lile kombe la wavu linalonasa vinyoya vya nguo, maana hospitalini walifundishwa hivyo. Bado mashine ilisuasua. Darini likatokea doa, kwanza dogo kama jani, baadaye kubwa kama mkeka. Vioo vya dirisha vilitoa jasho. Mashati ya mteja mmoja yalipata madoadoa ya ukungu yakiwa yamekwisha kupigwa pasi, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Akampigia shemeji.

"Mashine ni nzee hiyo, Shemeji. Mzee naye ana mwendo wake."

"Na doa la darini?"

"Mvua. Paa linavuja."

"Juu yangu kuna Mwalimu, Shemeji, hakuna paa."

"Basi bafu la Mwalimu linavuja."

Kiguu akapanda kwa Mwalimu kuuliza. Bafu halikuwa hata upande huo. Akashuka. Akazunguka uchochoroni, akarudi. Akapanda juu ya kiti, akabonyeza dari kwa mpini wa ufagio, ikabonyea kama mkate uliolowa. Aliyemwona siku hizo alidhani anatafuta kitu alichopoteza. Naye mwenyewe, angeulizwa amepoteza nini, asingejua la kujibu. Alichojua ni kwamba moyo ulikuwa juujuu, na kila mashine iliponguruma yeye alikuwa anaisikiliza kama mama anayesikiliza kikohozi cha mtoto chumba cha pili.

Mama mdogo naye alibadilika. Simulizi zilipungua. Alikuwa akipiga miayo, akilalamika kwamba kichwa kinamgonga, kisha akifika nyumbani jioni kinaacha.

"Pumzika nyumbani kesho, Mama."

"Nipumzike kwa kazi gani niliyofanya? Ni uzee huu. Wewe endelea na mbio zako."

Siku ya Alhamisi, saa nane mchana, mvua ilishuka kwa fujo. Kiguu alipeleka mzigo wa nyumba ya wageni, akafunga mlango na dirisha nyuma yake ili maji yasiingie. Mashine ilikuwa inazunguka. Mama mdogo alikuwa kitini, taulo mapajani. Pale nyumba ya wageni walimkaribisha chai angoje mvua ipungue. Akakaa. Akainuka. Akakaa tena. "Una nini leo?" mwenyeji akamwuliza. "Sijui," akajibu, na kikombe kikiwa bado kinafuka moshi akajifunika mfuko wa plastiki kichwani, akatoka mbio.

Alipofungua mlango, joto lilimpiga usoni kama blanketi bichi. Mashine bado inazunguka. Mama mdogo alikuwa kitini, kidevu kifuani, taulo limeanguka.

"Mama!"

Akamkimbilia.

"Mama!" Akamtikisa bega. Kichwa kikaenda na bega. Macho yakafunguka nusu, yakafunga.

Hakufikiri. Alimshika makwapani, akamburuta chumba kizima, kandambili zikibaki nyuma moja moja, akamtoa mpaka barazani mvua inaponyunyizia. Akarudi ndani ameziba pumzi, akafunga mtungi wa gesi, akaacha mlango na dirisha wazi. Kisha akapiga yowe, na wa kwanza kufika alikuwa Mwalimu, na viatu mkononi.

Bibi kizee alitapika. Akavuta pumzi ndefu, akatapika tena, akauliza nani kamtoa nje kwenye mvua. Kiguu akaangua kilio, na katika kilio hicho hicho akasimamisha gari.

Zahanati walimwekea hewa safi ya mtungi puani. Tabibu, mwanamke kijana asiyepoteza maneno, aliuliza swali moja tu la maana:

"Alikuwa kwenye chumba chenye jiko la mkaa?"

"Hapana. Kuna mashine ya kukausha nguo."

"Ya umeme?"

"Ya gesi."

"Moshi wake unatokea wapi?"

Kiguu akafungua mdomo, akaona aibu ya jibu. "Juu ya dari."

Tabibu akaacha kuandika. "Gesi ikiungua vibaya inatoa hewa ya sumu. Haina harufu, haina rangi. Mtu anadhani ana usingizi. Ungechelewa nusu saa nyingine, mama yako angelala asiamke tena."

Mama mdogo, na bomba puani, akasema kwa sauti nyembamba, "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilidhani ni chawa."

Alilazwa siku mbili. Siku ya kwanza Kiguu hakuweza kukaa wodini wala kutoka. Alizunguka kitanda mpaka nesi akamwambia ama aketi ama aende. Akaenda. Akaingia dukani mwake, akachukua ngazi, akang'oa bomba kwa mikono yake.

Lilikuwa zito. Hilo ndilo lililomshtua kwanza: bomba la hewa lina uzito wa nini? Akalipasua kwa mkasi. Ndani, kwenye kila kona na kila mkunjo, vilikuwa vimeshindiliwa vinyoya vya nguo, vya kijivu, vibichi, kama godoro lililoachwa mvuani. Katikati bomba lilikuwa limening'inia, na hapo maji yamesimama. Upande wa mashine plastiki ilikuwa imeiva rangi ya kahawia na kulainika. Alipomulika darini kwa tochi aliona vinyoya vimetanda kama usufi juu ya mbao, juu ya nyaya za umeme, kila mahali. Cheche moja tu. Juu ya mbao hizo kulikuwa na kitanda cha Mwalimu.

Akashuka ngazi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliketi chini, sakafuni, akashindwa kuinuka.

Shemeji alikuja jioni ile. Alikuja na matunda ya mgonjwa, na mzaha alioandaa njiani ulikufa alipoona bomba limepasuliwa sakafuni. Akachuchumaa. Akachota vile vinyoya kwa vidole.

"Mimi ndiye niliyefanya hivi," akasema.

"Tumefanya wote. Niliona, nikanyamaza. Nilikuwa nazunguka tu."

Kesho yake wakaenda pamoja kwa fundi bati, mzee mfupi mwenye kalamu sikioni, ambaye maisha yake yote ametengeneza mabomba ya moshi ya tanuri za mikate na mifereji ya mapaa. Alikuja kuona, akauliza mashine inasukuma hewa kwa nguvu gani, kisha akauliza kona ngapi. Shemeji akahesabu: nne.

"Hewa ni mvivu," mzee akasema. "Kila kona inakaa chini kupumzika. Na ikikaa, inaweka mzigo. Unataka bomba fupi, lililonyooka, la chuma, laini ndani. Na mwisho wake lazima uwe nje. Nje ya watu, si darini."

"Ukuta wa nyuma una dirisha la Mwalimu," Kiguu akasema. "Tulifikaje darini kama si hivyo?"

Wakatazama njia nyingine. Kupandisha mpaka paani kulimaanisha kupita chumbani kwa Mwalimu. Kutokea mbele kulitaka bomba la urefu wa chumba kizima, na mzee akatikisa kichwa: hilo litakuwa duka la vinyoya. Ukuta wa kushoto uligusana na nyumba ya jirani, na ule wa kulia, kule nyuma, ulikuwa umeegemewa na ngazi ya zege ya kupandia ghorofani. Kiguu alikwenda huku na huku kati ya kuta akizigonga, kana kwamba mmoja utamfungulia.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuulizia mgonjwa. "Naomba kuuliza swali la kijinga," akasema. "Kwa nini mnahamisha hewa? Kwa nini msihamishe mashine?"

Wote wakamgeukia.

Akaonyesha kona ya mbele. Ukuta wa kulia upande huo haukuwa na ngazi. Nje yake palikuwa na uwanja mdogo wa tangi la maji, na juu hakuna dirisha la mtu yeyote. Kutoka mgongo wa mashine mpaka nje ni mkono mmoja tu.

"Hapo pana meza yangu," Kiguu akasema upesi.

Alitazama ile meza, kitambaa chake kilichoungua kwa pasi, na dirisha juu yake, na barabara nje ya dirisha: mtu na baiskeli, wanawake wawili chini ya mwavuli mmoja. Miaka yote aliweza kufanya kazi ya kusimama mahali pamoja kwa sababu ya dirisha lile tu. Kuhamia nyuma, kutazama ukuta! Alihisi kama anayeambiwa avae kiatu cha mtu mwingine maisha yake yote.

"Na meza itakwenda wapi?" akauliza, ingawa alijua.

"Nyuma," shemeji akasema kwa upole.

Akashika upande mmoja wa meza. "Basi shika huko. Usiniache nifikiri."

Wakahama siku hiyo hiyo. Wenye hekima huziba ufa. Wao walitoboa ukuta, kwa furaha, na vumbi likawafanya wote wazee. Fundi bati alipitisha bomba la chuma akiliinamisha kidogo kuelekea nje, ili maji ya mvuke yasirudi ndani. Shemeji alitaka kuunga kwa skrubu, mzee akampiga kofi mkononi: ncha za skrubu hunasa vinyoya. Akazungushia utepe wa bati. Nje akaweka kifuniko chepesi kinachojifungua hewa ikisukuma na kujifunga ikikoma.

"Tuweke na wavu, panya wasiingie," shemeji akapendekeza.

"Wavu utanasa vinyoya, tutarudi kule kule. Kifuniko kinatosha." Mwisho akatoboa matundu chini ya mlango. "Moto nao unahitaji kuvuta pumzi. Ukiunyima, unaungua vibaya, ndipo sumu inapozaliwa."

Shemeji akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira wa gesi kutafuta mapovu ya uvujaji. Hakuuliza kama inahitajika. Alisafisha kichomeo, akapangusa tumbo lote la mashine, akaifunga, akaifungua, akaanza upya. Wakawasha. Kiguu akatoka mbio nje, akaweka mkono mbele ya kifuniko, na hewa ikamsukuma kiganja kwa nguvu, ya moto na bichi, ikanuka sabuni. Taulo zilikauka kwa dakika thelathini na tano.

Mama mdogo aliporudi alikataa kukaa nyumbani, kama ilivyotarajiwa, lakini kiti chake kiliwekwa karibu na mlango. Alilalamika juu ya upepo asubuhi moja, kisha akagundua kwamba mlangoni anaweza kusalimiana na wapitao, akaacha. Kiguu alipiga pasi nyuma, uso ukutani, na mara tatu kwa saa alitoka nje kukagua kifuniko. Wateja walimcheka. Aliwaacha wacheke.

Siku ya tatu tangu bibi arudi, shemeji alikuwa amepita kumsalimu. Kiguu alimtazama, pasi mkononi, akaiweka chini.

"Shemeji, lile bomba la plastiki ulilinunua wapi?"

"Dukani kule... Kwa nini?"

"Ulinunua moja?"

Kijana akatazama vidole vyake. "Mawili. Lingine niliweka kwenye saluni moja, wanakausha taulo. Ile ni ya umeme, lakini."

"Vinyoya vinajua umeme na gesi?"

"Nilitaka kwenda. Naona aibu, Shemeji. Nitawaambia nini?"

"Utawaambia ulivyoniambia mimi jioni ile ulipoona bomba limepasuliwa." Alikuwa amekwisha kuchomoa pasi, anavaa kandambili. Akaokota ngazi, akamtwisha begani, naye akachukua tochi na mkasi. "Mama, nyumba yako hii. Mtu akija, mwambie narudi."

"Nimwambie saa ngapi?" bibi akauliza.

Lakini walikuwa wamekwisha kufika barabarani, Kiguu mbele, shemeji na ngazi nyuma yake, anamwomba apunguze mwendo.